Chupa ya Maji Kutoka Bahi

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 2012, katika kijiji kimoja kilicho pembezoni mwa mbuga ya Bahi, mama mmoja wa makamo alinikabidhi chupa ya plastiki ya soda iliyojaa maji yenye ukungu mweupe, ambayo kizibo chake alikuwa amekizungushia kipande cha nailoni na kukifunga kwa uzi mwekundu ili yasivuje. Miaka hiyo nilikuwa fundi sanifu katika maabara ya maji hapa Dodoma, na siku ile nilikuwa nimekwenda kijijini kwa kazi nyingine kabisa, lakini habari kwamba amekuja mtu wa kupima maji zilikuwa zimenitangulia. "Mbukwa," alinisalimu, nami nikaitikia. Kisha akasema bila kupandisha sauti: "Mwanangu, nenda kayapime haya. Tangu wale wa mashine waje, mbuzi wangu wanatupa mimba, na baba watoto miguu inamwasha mpaka anajikuna damu."

Sikumwamini. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu bado naona kwamba nilikuwa na sababu nzuri za kutomwamini, na bado naona kwamba nilimkosea.

Wale wa mashine walikuwa watafutaji wa urani. Kwamba madini hayo yapo katika ukanda wa Bahi na Manyoni halikuwa jambo geni kwa wataalamu, kwa kuwa nchi ilishapimwa kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyehangaika nayo. Mwaka 2007 bei ya urani duniani ilipanda kupita dola 130 kwa pauni, na ghafla kampuni za nje zikaja na leseni za utafutaji, magari yenye bendera ndogo juu, na mashine za kuchoronga zilizotoboa mashimo membamba mbugani, yasiyo marefu sana, kwa kuwa madini ya huko yako karibu na uso wa ardhi. Wanakijiji walielezwa machache. Walichokijua zaidi ni neno lenyewe, urani, na kwamba ndilo lile la mabomu. Kisha tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya tsunami yakaangusha mtambo wa nyuklia wa Fukushima kule Japani, bei ikaanza kuporomoka, na katika miaka michache iliyofuata mashine zikapungua hadi zikaondoka. Urani ilibaki ardhini, na hofu ikabaki juu yake.

Sababu yangu ya kwanza ya kutilia shaka ilitokana na jiografia ya mahali penyewe. Miamba ya itale ya katikati ya nchi yetu, ile tunayoiona imerundikana kama mayai makubwa kuanzia Dodoma mjini hadi Singida, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na imebeba chembe za urani tangu ilipoumbika. Mvua huisaga polepole, na maji huzichukua chembe hizo pamoja na chumvi na chokaa. Mto Bubu na vijito vingine huzishusha Bahi, ambako maji hayana njia ya kutokea kwenda baharini, kwa hiyo jua huyakausha na kuyaacha madini yakigandamana na udongo na chokaa. Kazi hiyo imefanyika kwa maelfu ya miaka. Kama maji ya kisima cha mama yule yalikuwa na urani, basi yumkini yalikuwa nayo hata bibi yake alipokuwa akichota, na mashine zilizofika juzi haziwezi kubebeshwa lawama ya kuileta.

Sababu ya pili ilihusu namna urani inavyodhuru. Aina kubwa ya urani ya asili hupoteza nusu ya mionzi yake katika muda wa takriban miaka bilioni 4.5, maana yake ni kwamba inatoa mionzi kidogo sana kwa wakati mmoja. Katika maji ya kunywa, wasiwasi mkubwa wa wataalamu ni sumu yake ya kikemia kwenye figo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2011 limependekeza isizidi mikrogramu 30 katika lita moja. Figo huumia kimyakimya na kwa muda mrefu. Miguu kuwasha hadi kutoka damu si dalili yake, na mbuzi kutupa mimba katika msimu mmoja kuna maelezo mengine yaliyo karibu zaidi.

Maelezo hayo nilikuwa nayo tayari, papo hapo, nikiwa nimesimama na chupa mkononi. Mume wake alikuwa akilima mpunga, akishinda kutwa nzima amezama kwenye majaruba hadi magotini, na katika maji yaliyotuama ya namna hiyo vimelea vya kichocho hupenya ngozi na kuacha muwasho ambao kila mkulima wa mpunga anaufahamu hata kama hajui jina lake. Mbuzi nao hupata ugonjwa wa kutupa mimba unaosambaa kundini na ambao unaweza kumwambukiza hata mchungaji kwa maziwa mabichi. Hakuna kati ya hayo lililohitaji urani. Nilimweleza kwa adabu, nikamwambia pia kwamba chupa ya soda haifai, kwa kuwa sampuli lazima ichukuliwe kwa chupa safi iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa, iandikwe saa na mahali, iwekwe kwenye ubaridi, na kama unatafuta metali iongezwe asidi kidogo ili zisigande kwenye kuta za chupa. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaichukua chupa yake.

Naomba msomaji anielewe vizuri hapa, kwa sababu sitaki kuandika makala ya kuomba radhi na kuishia hapo. Kutilia shaka madai ya uchafuzi ni jambo la lazima, na wanaolipuuza huwaumiza watu wale wale wanaotaka kuwatetea. Mwaka uliofuata, katika soko moja hapa mjini, mfanyabiashara wa mchele aliponisikia nikitaja Bahi aliniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli mchele wa huko una mionzi, akaongeza kwamba wateja wake wawili walikuwa wamekataa kuununua. Mchele ndio ada ya shule ya Bahi, ndio bati la nyumba, ndio nauli ya kwenda hospitali. Tuhuma ambayo haijapimwa inaweza kuupotezea mchele soko katika msimu mmoja, na hakuna kampuni itakayomlipa mkulima hasara hiyo. Jopo la kimataifa lililotathmini athari za ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 lilitoa ripoti yake mwaka 2005, na jambo lililonishtua nilipoisoma ni hitimisho kwamba tatizo kubwa kuliko yote la afya ya jamii lililosababishwa na ajali ile lilikuwa msongo wa akili: watu walioishi miongo miwili wakiamini kwamba miili yao imekwisha kuharibika, hata wale ambao kipimo chao cha mionzi kilikuwa kidogo. Na hapo ni mahali ambapo mtambo ulilipuka kweli.

Zaidi ya hayo, kijiji ni mahali pagumu pa kutafutia chanzo cha ugonjwa. Katika kaya mia tatu, kila mwaka kutakuwa na mimba zilizoharibika, mtoto aliyezaliwa na ulemavu, mzee aliyevimba tumbo na kufa bila kujua alichougua. Mashine zikifika mwaka huo, macho yote yatazielekea, na matukio ambayo mwaka uliopita yalikuwa kazi ya Mungu au ya jirani mwenye kijicho yatakuwa kazi ya mashine. Ili kujua kama kweli yameongezeka, unahitaji kujua yalikuwa mangapi kabla. Unahitaji daftari la zahanati lililojazwa kwa uaminifu, na unahitaji maji yaliyopimwa kabla ya shimo la kwanza kuchorongwa. Katika kijiji kile hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichowahi kukiona.

Hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kunigeuka. Kama hakukuwa na kipimo cha awali, basi mama yule hakuweza kuthibitisha madai yake, hilo ni kweli, lakini hata mimi sikuweza kuyakanusha. Mume wake sikumpima kichocho. Damu ya mbuzi sikuichukua. Nilikuwa nimelipinga dai lisilopimwa kwa dai jingine lisilopimwa, na tofauti pekee kati ya yangu na lake ni kwamba langu lilisemwa na mtu aliyekuja na gari. Nani alipaswa kupima kabla? Hakika si yeye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeandika waziwazi kanuni ya tahadhari na kanuni kwamba mchafuzi hulipa, na roho ya kanuni zote mbili ni kwamba mzigo wa kuthibitisha usalama unabebwa na anayekuja kubadili mazingira, wala haumwangukii anayeishi humo. Tunapomdai mwanakijiji ushahidi wa maabara, tunamdai kitu ambacho sisi wenye maabara hatukumwachia njia ya kukipata.

Huenda ningeendelea kuyafikiria hayo kama mjadala wa kitaaluma tu kama si mwaka 2016. Kuanzia mwezi Juni mwaka huo zilianza kuenea habari za ugonjwa usiojulikana katika wilaya za mkoa wetu, hasa Chemba na Kondoa, na kuvuka hadi mkoa wa Manyara. Watu walikuwa wakitapika, macho yanageuka manjano, matumbo na miguu vinavimba, na katika baadhi ya familia wanaugua watoto kadhaa kwa pamoja. Nakumbuka nilikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi mtu mmoja aliposema kwamba huko Chemba watu wanakufa kwa sumu, nami nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea, kwamba kila ugonjwa huku kwetu lazima uitwe sumu.

Ilikuwa sumu. Vipimo vya damu ya wagonjwa na vya mahindi waliyokuwa wakila vilionyesha kiwango kikubwa cha sumukuvu, ile inayozalishwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga. Hadi mlipuko ulipokwisha mwezi Novemba walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Wengi walikuwa watoto. Hapakuwa na kampuni wala bomba la maji machafu. Uchafuzi ulikuwa ndani ya kihenge, ndani ya unga, ndani ya uji wa mtoto, na ulikuwa umepikwa na mama mwenyewe kwa mapenzi yote.

Nilikwenda Chemba baada ya mvua za mwaka uliofuata, si kikazi, kwa ndugu wa mke wangu. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya turubai, amemwaga debe moja la mahindi, akiyachambua. Nilikaa naye. Punje nzuri ilikuwa na ngozi inayong'aa na kiini cheupe, na alipoipitisha kati ya vidole ilitoa mlio mkavu. Mbaya ilikuwa nyepesi, imefubaa, na kwenye ncha yake, pale ilipokuwa imeshikamana na gunzi, kulikuwa na vumbi la kijani kibichi kama la ukutani mwa bafu. Alizitupa za namna hiyo kwenye kopo. Kisha akanionyesha punje ambayo kwa macho yangu haikuwa na kasoro yoyote, akaipasua kwa kucha, na ndani kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. "Hii nayo," alisema. "Zamani tungeisaga." Kuchambua husaidia sana, kwa sababu sumu hukusanyika katika punje chache zilizoathirika sana, punje moja inaweza kubeba zaidi ya mamia ya wenzake. Kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi mno kupima gunia na kulikosa tatizo: ukichota kiganja kimoja juu ya gunia, unaweza kutoka na jibu safi kutoka gunia linaloua. Na kupika hakuiondoi, kwa kuwa kuvu hufa kwa moto lakini sumu aliyoiacha haivunjiki kwa joto la sufuria ya ugali. Katika viwango vya nchi yetu haipaswi kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukitambua.

Niliporudi nyumbani niliwaza juu ya mwelekeo wa shaka yangu. Kule Bahi nilikuwa nimetilia shaka jambo lenye kelele, na yumkini nilikuwa sahihi. Juu ya Chemba nilitilia shaka kwa mazoea tu, nikakosea, na kama wote waliokuwa na dhamana wangefikiri kama mimi kwenye kile kibanda cha chai, hesabu isingeishia 20. Vitu vinavyowachafulia watu wa vijijini wa kanda yetu miili yao kwa uhakika ni vile visivyo na adui wa kumnyooshea kidole: sumukuvu kwenye chakula, naitreti, yaani chumvi ya naitrojeni inayotokana na kinyesi na mkojo, kwenye visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo na mazizi, vijidudu vya kinyesi kwenye ndoo isiyofunikwa, floraidi kwenye maji ya Singida na kwingineko. Hivyo havina mkutano wa hadhara.

Floraidi inastahili maneno ya ziada, kwa sababu inaonyesha kwamba hata neno "salama" huweza kupindishwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 nchi yetu, ikiwa na uhaba mkubwa wa maji vijijini na bila vyanzo mbadala, iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, na baadaye kikashuka hadi 4, na leo tumefikia 1.5 kama wengine. Nawaelewa walioamua hivyo. Ukifunga kisima pekee cha kijiji, watu watakunywa dimbwi. Lakini mtoto aliyekuwa akinywa maji yenye miligramu 6 katika miaka hiyo aliambiwa kwamba maji yake yanakidhi kiwango, huku meno yake yakibadilika rangi kuwa kahawia mbele ya macho ya kila mtu. Mzazi wake angelalamika, mtaalamu angefungua kitabu na kumjibu kwamba hakuna uchafuzi. Maji hayakubadilika hata tone. Kilichobadilika ni mstari kwenye kitabu.

Mtu aliyepitia hayo, au aliyesimuliwa na wazazi wake, ana haki ya kutilia shaka upande wa pili pia. Ndivyo ilivyotokea mwezi Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki kufa, na kamati ya kitaalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kuoza kwa mimea na kinyesi cha mifugo. Maelezo hayo yanawezekana kisayansi, kwa sababu uozo hula hewa ya oksijeni iliyomo majini na samaki wakakosa pumzi. Watu wengi hawakuyakubali hata hivyo, na sidhani kwamba walikataa kemia. Walikuwa wamezoea kuletewa jibu bila kuonyeshwa njia iliyolifikia.

Mwaka 2013, mwezi wa Septemba, nilirudi kwenye kile kijiji cha Bahi. Nilikuwa nimeomba nafasi kwenye gari lililokuwa likipita kwenda Manyoni, nikabeba kisanduku cha barafu na chupa sita. Mama yule alinipeleka mwenyewe kwenye kisima chake, kifupi, cha kuchimbwa kwa mkono, kilichozungushiwa miba ili mbuzi wasianguke. Hatua kama thelathini kutoka hapo palikuwa na zizi. Nilisuuza chupa mara tatu, nikajaza, nikaandika saa. Alinishikia kalamu.

Maabara yetu iliweza kupima chumvi, naitreti, floraidi na vijidudu. Chombo cha kupimia urani hatukuwa nacho, na ombi langu la kupeleka chupa mbili mahali penye chombo hicho lilikaa mezani kwa mkubwa mmoja hadi nilipohamishiwa kitengo kingine. Majibu tuliyopata yalikuwa wazi: naitreti ilizidi miligramu 50 kwa lita, na vijidudu vya kinyesi vilikuwa vingi. Niliyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kumpelekea mwenyewe. Nilimwambia kwamba zizi lihamishwe, kwamba maji ya mtoto mchanga yasichotwe hapo kabisa, na kwamba kuyachemsha kutaua vijidudu lakini hakutaondoa naitreti. Alinielewa haraka kuliko nilivyotarajia, akamwita kijana wake akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo zizi jipya lingekaa, upande wa chini wa mteremko.

Kisha akanigeukia. "Na ile ya wale wa mashine?"

"Hiyo hatujaipima, mama."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda kumsaidia kijana wake kung'oa miti ya zizi.